Kununua redio ya ridhaa ya mtumba Arusha na Moshi, na kuja kuiuza bila hasara

Redio ya ridhaa ni ile ya kuongea hewani na wenzako kwa kupenda tu, si kwa biashara. Ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu, ya HF, yaani masafa mafupi yanayofika mbali, niliipata kwenye karakana moja pale Unga Limited. Muuzaji aliiunga kwenye betri, kioo kikawaka rangi ya chungwa, akazungusha kitasa kikubwa taratibu, na kwenye spika nikamsikia Mwitaliano akiita kwenye bendi ya meta 20 kana kwamba amekaa chumba cha pili. Nililipa palepale. Jioni, nyumbani Sakina, niliunga antena, nikabana maiki, sindano ya kipima wati ikapanda hadi 4 na kukaa hapo. Redio ilikuwa ya wati 100. Transista zake za mwisho, zile zinazosukuma mawimbi kwenda kwenye antena, zilikuwa zimekufa. Kuzibadilisha kulinila zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia, na vipuri nilivisubiri miezi miwili.

Redio kupokea vizuri ni jambo moja, kurusha ni jambo lingine kabisa, na karibu kila hasara niliyoiona kwa wenzangu wa huku Kaskazini imetokea hapo katikati. Hasara ya pili huja miaka miwili baadaye, mtu anapotaka kuuza na kugundua kwamba alichonunua hakuna mwingine anayekitaka. Kwa hiyo nunua kama mtu atakayeuza. Ukishika redio mkononi, jiulize nani ataichukua kwako, na utamwonyesha nini ili aamini.

Hatua ya 1: Kibali kabla ya kifaa

Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapa hapa Arusha, kwa hiyo mtu wa Moshi hana haja ya kufunga safari ya Dar es Salaam kwenda kuuliza. Ukipata leseni utapewa jina la mwito linaloanza na 5H, na hilo ndilo litakalokutambulisha duniani kote. Ukiwa pale waulize pia habari ya kifaa chenyewe: redio unayotaka kuingiza nchini au kununua kwa mtu inahitaji kibali gani. Usisubiri mzigo ufike forodhani ndipo uulize.

Wakati unangoja leseni unaruhusiwa kujifunza. Kaa na mwenzako mwenye leseni, sikiliza, jifunze kutofautisha kelele za radi na kelele za chaja ya simu. Muda huo unakuokolea pesa, kwa sababu ukimaliza kusikiliza miezi mitatu unajua unataka redio ya aina gani.

Hatua ya 2: Jua unataka kuongea na nani

Hapa watu huruka, wanakimbilia bei. Lakini bei nzuri ya redio isiyokufaa ni pesa iliyolala.

Kama unataka kuongea na wenzako ndani ya mji, VHF ya meta 2 inatosha, yaani megahezi 144 hadi 146. Lakini angalia ulipo. Mlima Meru una zaidi ya meta 4,500, na VHF haipandi mlima. Huenda karibu na mstari ulionyooka. Mtu wa Njiro na mtu aliye upande wa pili wa mlima kuelekea Longido watasumbuana hata kila mmoja akiwa na wati 50. Mtu wa Machame aliye juu kwenye mteremko anaweza kuiona tambarare yote hadi kule Mirerani, na redio ndogo ya mkononi ikamfanyia kazi ambayo wa mjini haipati.

Kama unataka Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, tafuta HF yenye meta 40. Sisi tuko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa linalogawa masafa, kwa hiyo meta 40 yetu ni kilohezi 7000 hadi 7200. Mchana, antena ya waya iliyofungwa chini kidogo, meta tano au sita kutoka ardhini, hurusha mawimbi juu yakarudi ndani ya nchi. Ulaya na kwingineko utawapata meta 20, na meta 15 na 10 jua likiwa na madoa mengi.

Hili la jua linagusa bei moja kwa moja. Mzunguko wa madoa ya jua huchukua takriban miaka 11, na kilele cha mzunguko huu kilikuwa mwaka 2024. Redio za bendi moja tu, ile ya meta 10, zilipendwa sana kipindi hicho kwa sababu wati 10 zilivuka bahari. Sasa tunateremka. Ukiuziwa redio ya meta 10 peke yake, ipe bei ya kitu ambacho thamani yake itaendelea kushuka miaka kadhaa.

Hatua ya 3: Gawa bajeti, redio isile yote

Mwenye milioni moja asinunue redio ya milioni moja. Mimi natenga nusu kwa redio, nusu kwa vinavyoizunguka, na mpaka sasa sijaona mgawo unaofaa zaidi.

Redio ya wati 100 hula ampea 20 hadi 22 inaporusha, kwa volti 13.8. Chaja ya betri haifai, na adapta ya kompyuta ni ndogo mno. Unahitaji pawasaplai ya ampea 25 au 30, au betri nzuri ya gari inayochajiwa. Huku kwetu betri ina faida yake: umeme ukikatika wewe uko hewani, na ukipanda na kushuka redio haihisi. Ukinunua pawasaplai iliyotoka Marekani, igeuze nyuma uangalie swichi ya volti kabla ya kuigusa plagi. Ikiwa imewekwa 115 na ukaichomeka kwenye 230 za hapa, utasikia mlio mmoja tu.

Antena usinunue, tengeneza. Chukua 143, gawa kwa megahezi, unapata urefu wa waya wote kwa meta. Kwa 7.1 inakuja kama meta 20, yaani meta 10 kila upande, kwa 14.2 ni meta 10, tano kila upande. Waya wa umeme wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 unafaa kabisa. Mlingoti nao uko shambani: mgrevilia ulionyooka, ule tunaouacha uwape kahawa kivuli, ndio mlingoti wangu hadi leo. Pesa uliyookoa hapo inunue waya mzuri wa koaksia, ule unaotoka kwenye redio kwenda kwenye antena, na kipima SWR, kinachoonyesha kama antena inayakubali mawimbi au inayarudisha.

Hatua ya 4: Jua kipi kinashika bei na kipi hakishiki

Redio mpya hupoteza sehemu kubwa ya thamani siku boksi linapofunguliwa, kisha hushuka polepole, kisha hufika mahali ikasimama. Mwenye bajeti ndogo anunue pale iliposimama. Ukinunua redio ya miaka 15 inayofanya kazi, ukaitunza, utaiuza miaka mitatu baadaye kwa bei inayokaribiana na uliyonunulia. Aliyenunua mpya ndiye aliyekulipia hasara.

Zinazoshika bei huku kwetu ni zile ambazo mtu mwingine anazijua kwa jina. Icom IC-718 ni ya HF tu, haina mapambo, na kwa sababu hiyo inadumu na mtu yeyote anaweza kuiendesha. Icom IC-706MKIIG na Yaesu FT-857D zinabeba HF, meta 6, meta 2 na sentimeta 70 kwenye boksi dogo la kufunga ndani ya gari. Hazitengenezwi tena, na bado zinatafutwa. Kenwood TS-480 nayo ni nzuri, ila soma herufi za mwisho: TS-480HX ni ya wati 200 na inataka pawasaplai mbili, wakati TS-480SAT ni ya wati 100 na ina kioanisha antena ndani. Wanaopanda milima wanataka Yaesu FT-817 au FT-818. Ni wati 5 na 6 tu, lakini hapa chini ya Kilimanjaro yenye meta 5,895 huwezi kukosa mtu anayeitaka. Icom IC-7300, iliyotoka 2016, ndiyo ambayo karibu kila mtu anaiota. Ukikutana nayo kwa bei ya chini mno, shuku kwanza.

Redio ndogo za Kichina za mkononi, mfano Baofeng UV-5R, zinunue mpya au usinunue. Mpya ni rahisi kiasi kwamba ya mtumba haina bei, na betri iliyochoka ni sawa na nusu ya redio.

Kisha kuna kundi ambalo Arusha inalo kuliko miji mingi: redio koli za kampuni. Magari ya utalii yamezitumia miaka na miaka, na mashirika ya misaada na hospitali za misheni zilitegemea HF kabla ya minara ya simu kufika. Utakutana na Motorola GM340 na GP340 za VHF, utakutana na Codan na Barrett za Australia. Motorola hizo za VHF zinashika megahezi 136 hadi 174, kwa hiyo meta 2 imo ndani. Ni ngumu kama chuma cha reli. Shida ni kwamba haziendi popote bila kuprogramiwa kwa kompyuta na kebo yake, na nyingine zimefungwa kwa nenosiri la kampuni ya zamani. Codan na Barrett nyingi zimefungiwa chaneli, hakuna kitasa cha kutembea kwenye bendi. Nunua kwa bei ya chini, na kwa sharti kwamba fundi mwenye kebo ameshaziona. Na masafa ya kampuni yaliyomo ndani yafute yote siku ya kwanza. Si yako, na ukibana maiki kwa bahati mbaya unaweza kuingia katikati ya mazungumzo ya dereva aliyekwama Serengeti.

Zile kongwe za mirija, kama Yaesu FT-101 au Kenwood TS-830S, nazipenda kwa moyo wote. Sauti yake ina joto ambalo sijalipata kwenye redio za sasa. Lakini mirija yake kuipata hapa ni kuagiza, na ndani kuna volti mia kadhaa ambazo hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuzima. Asiyewahi kufungua saketi ya mirija asianzie hapo.

Bei yenyewe naikokotoa hivi. Natafuta redio ile ile imeuzwa shilingi ngapi nje, na neno ni imeuzwa, kwa sababu bei ya kutangazwa ni ndoto ya muuzaji. Naongeza usafiri, kisha kodi: VAT ni asilimia 18, na inapigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri, bima na ushuru. Hapo napata dari. Redio ya Arusha haiwezi kuzidi hapo, maana ningeweza kuagiza. Halafu naanza kutoa. Tuseme dari ni milioni moja na nusu. Maiki yake haipo, natoa gharama ya maiki. Kebo ya umeme si yake ya asili, natoa. Bendi moja hairushi, natoa bei ya ufundi mara mbili, kwa kuwa ufundi huwa haukai kwenye makadirio. Nikifika laki nane, ndiyo bei yangu, na naweza kumweleza muuzaji kila mstari bila kumdharau.

Hatua ya 5: Pa kutafuta

Arusha ni mji wa mashirika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa, na ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikaa hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Shirika likihama au mradi ukiisha, vifaa huuzwa kwa zabuni au mnada. Soma matangazo, nenda siku ya kukagua, na ujue kwamba mnadani unanunua kilivyo. Kikifa njiani ni chako. Chukulia kila kitu cha mnada ni kibovu, ukipe bei ya kibovu.

Wageni wanaokuja kupanda mlima na redio zao mara nyingine hawataki kurudi nazo. Mafundi wanaofunga redio koli kwenye magari ya utalii wanajua kampuni gani inabadilisha mitambo. Wape namba yako. Ni kama Kiboriloni, soko la mitumba la Moshi, siku ya mzigo: anayefika belo linapofunguliwa ndiye anayeondoka na kitu.

Nairobi ina wanaridhaa wengi kuliko sisi, na wana chama chao cha siku nyingi, Amateur Radio Society of Kenya. Redio nyingi nzuri nilizoziona zilitokea huko. Ila Namanga au Holili pita nayo mezani, itangaze, lipa, chukua karatasi. Karatasi hiyo utaihitaji siku ya kuuza.

Na kuna nyumba ambazo mwenye redio ameondoka. Mwaka mmoja niliitwa Shanty Town, Moshi, na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa ameaga dunia. Vifaa vilikuwa vimefunikwa kitenge, juu ya meza ileile aliyokuwa akikaa mzee.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hivi vyuma vya baba yako chukua vyote, nipe laki moja na nusu, chumba kipate nafasi.”

Katikati ya vile vyuma kulikuwa na IC-706MKIIG nzima, ikiwa na maiki na kitabu chake. Nilimwambia, “Mama, hii moja peke yake ina thamani mara kadhaa ya hiyo. Usimpe mtu yeyote kwa bei hiyo, hata mimi.” Niliinunua kwa bei yake ya haki, na vingine nikamtafutia wanunuzi. Watu wa redio huku ni wachache, wanajuana, na mjane akipunjwa leo, kesho familia nyingine itavitupa vifaa kwenye chuma chakavu kuliko kutuita.

Hatua ya 6: Ipime mbele ya macho yako

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishwe. Beba kipimio cha volti na ampea, kipima wati, mzigo bandia wa omu 50 unaokaa mahali pa antena wakati wa kupima, ambao mafundi huuita dami lodi, redio ndogo ya kusikilizia yenye SSB, mtindo wa kurusha sauti unaotumika HF, bisibisi, tochi, na kebo yako mwenyewe yenye fyuzi.

Dami lodi ndiyo inayokuokoa, na unaweza kuitengeneza: rezista 20 za kaboni, kila moja omu 1,000 na wati 2, zipange sambamba kati ya vipande viwili vya bati. Omu 1,000 gawa kwa 20 ni omu 50. Hiyo inabeba wati 40 muda mrefu, na wati 100 kwa sekunde chache, chini ya kumi, kisha iache ipoe. Usitumie rezista za waya uliosokotwa. Zile ni koili, na redio haitaziona kama omu 50.

Anza kwa macho na pua. Vichwa vya skrubu vilivyochubuka vinakuambia wangapi wamefungua. Inusie kwenye feni. Harufu ya kuungua haiishi kirahisi. Redio iliyokaa pwani huwa na kutu ya kijani kwenye soketi ya antena na chini ya mfuniko, na ukiiona hapo jua imeshaingia hadi kwenye bodi. Iliyotoka kwenye gari la safari huwa na vumbi jepesi la kijivu kila mahali. Hilo linapulizwa, lisikutishe, lakini ikaguliwe mitikisiko: shika kila kadi na plagi ndani, uone kama imelegea.

Sasa kebo ya umeme. Fungua kishikilia fyuzi. Mara mbili nimekuta nyuzi za shaba zimezungushwa mahali pa fyuzi, na mara moja msumari. Aliyefanya hivyo alikuwa na redio inayokata fyuzi, na badala ya kutafuta sababu akaiziba mdomo. Redio ya namna hiyo iache, au inunue kama vipuri.

Kabla ya kuunga, pima betri. Land Cruiser nyingine zinatumia volti 24, na mtu akikuambia “tuiunge tu kwenye gari” bila kupima, redio ya volti 13.8 inaweza kufa mikononi mwako na mkagombana ni nani aliyeiua. Nyingi zinavumilia volti 11.7 hadi 15.9, zaidi ya hapo ni kuomba Mungu.

Ikiwaka, pitia kioo na vitufe. FT-857 huugua kioo, kinajaa mistari. Kenwood TS-440S ikionyesha vidoti mahali pa namba, gundi iliyowekwa kiwandani kwenye koili za VCO, saketi inayozalisha masafa, imeharibika na kula saketi. Inatengenezeka kwa mwenye subira, lakini bei ishuke. Icom IC-751 ina betri ndogo ndani inayoshikilia programu nzima ya redio, na betri hiyo ikiisha redio inapoteza akili. Uliza ilibadilishwa lini. FT-817, hasa zile za mwanzo, zina historia ya kuunguza transista za mwisho.

Upokeaji unaupima bendi kwa bendi, usiridhike na moja. Chukua kituo cha masafa mafupi ambacho unajua namba yake, kiweke kwenye SSB, zungusha hadi mluzi ushuke na kupotea kabisa, kisha soma kioo. Kikisoma mbali na namba ile kwa zaidi ya hezi mia moja au mbili, redio imehama, inahitaji kurekebishwa.

Halafu kurusha. Unga kipima wati na dami lodi, weka CW, ile ya alama za Morse, au FM, anza wati 10, kisha panda hadi mwisho. Bana sekunde tano, soma wati na ampea, achia, andika. Fanya hivyo meta 80, 40, 20, 15, 10. Wati 100 na ampea 18 hadi 22 ni afya. Bendi moja ikishindwa na nyingine ziko sawa, mara nyingi ni rilei au kichujio cha bendi ile, ugonjwa mdogo. Zote zikiwa chini, ni transista za mwisho au zile zinazozisukuma, na hapo ndipo mimi nilipopigwa. Muuzaji akisema “transista ni bei rahisi tu,” mjibu kwamba nyingine kama 2SC2879 Toshiba waliacha kuzitengeneza na bandia zimejaa sokoni.

Ukimaliza bendi zote, rudi meta 40, ongea kwenye maiki kwa SSB huku ukijisikiliza kwenye redio ndogo. Sauti iwe safi, isikwaruze. Endelea kupokea na kurusha kwa vipindi vifupi, nusu saa nzima. Solda iliyopasuka hujificha redio ikiwa baridi na hujitokeza ikipata moto. Feni izunguke. Gonga ubavu kwa kiganja, taratibu. Ikikatika sauti, kuna kitu kimelegea.

Nakumbuka mzee mmoja Tengeru aliyekuwa akiniuzia TS-480 alianza kununa nilipotoa dami lodi. “Kijana, huniamini?” Nikamwambia, “Nakuamini mzee wangu. Hii ni ya yule nitakayemuuzia mimi kesho, ataniuliza wati ngapi.” Alicheka, akaenda kuleta kiti.

Hatua ya 7: Malipo na karatasi

Kama imepima vizuri, lipa bei mliyokubaliana, usianze kuokota visababu. Kishika uchumba kitolewe tu kwa redio uliyokwishaipima. Andikianeni: majina, tarehe, aina ya redio, namba yake ya kiwandani iliyosomwa kwenye kibati cha nyuma, na kilichoambatana nayo. Redio ya kampuni iwe na risiti ya mnada au barua ya kampuni, kwa sababu redio koli zinaibwa magarini, na hutaki kuja kueleza polisi kwa mdomo.

Hatua ya 8: Itunze kama mali ya mnunuzi ajaye

Kila unachofanya nyumbani kinaongeza au kinapunguza bei ya kesho. Usitoboe boksi kuweka swichi. Usikate waya ndani ili “kufungua masafa”; mnunuzi makini huiogopa redio iliyofunguliwa, na sheria haikuruhusu kurusha huko hata hivyo. Maiki ya asili itunze hata kama unatumia nyingine. Boksi, kitabu, hata mfuko wa nailoni, viweke juu ya kabati.

Masika na vuli, radi zikianza kunguruma upande wa Meru, chomoa antena kwenye redio na uitoe nje ya dirisha. Kuzima hakutoshi. Nimeona soketi ya antena iliyoyeyuka ilhali redio ilikuwa imezimwa.

Hatua ya 9: Ukitaka kuuza

Uza kabla hujahitaji pesa. Mwenye shida ya ada huuza kwa wiki moja, na redio huku huchukua miezi kupata mtu, kwa kuwa anayeinunua lazima awe na leseni na awe na pesa siku ileile. Tangaza Nairobi na Dar es Salaam pia. Taja kasoro mwenyewe, na kubwa iwe sentensi ya kwanza, maana mnunuzi ataiona tu na akiiona peke yake atadhani ziko nyingine tano.

Muuzie mwenye leseni, na muandikiane majina yenu ya mwito ili kila mmoja awe na uhakika na mwenzake. Piga video ya sekunde 30: kibati cha namba, kisha kipima wati kikipanda kwenye kila bendi. Video hiyo inauza kuliko maneno.

Ile redio yangu ya kwanza, baada ya kupona, niliimiliki miaka minne. Ndani ya boksi nilikuwa nimeweka daftari dogo la shule, la kurasa 40, nimeandika kila nilichobadilisha, tarehe, na jedwali la wati kwa kila bendi, mara mbili kwa mwaka. Kijana aliyekuja kuinunua kutoka Moshi alitoa dami lodi yake mfukoni, akapima meta 40, akasoma 98. Akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye mstari wa mwezi uliopita: 98. Hakuomba apunguziwe.